Fomula, uwiano au mnyororo wa vizio: ipi ikufae kubadili gramu, moli na atomu?

Kipande cha alumini chenye gramu 5.4 kina atomu ngapi?

Mpe mtu mmoja swali hili, ataandika herufi tatu na alama ya kugawanya. Mpe wa pili, atasema: kama gramu 27 zina atomu kadha wa kadha, gramu 5.4 je? Wa tatu atapanga sehemu moja baada ya nyingine kwenye mstari mrefu, akate gramu kwa gramu na moli kwa moli, ndipo ashike kikokotoo. Wote watatu wataishia kwenye atomu 1.2 × 10²³. Ukiwaacha pamoja dakika tano watabishana, kila mmoja akidai njia ya mwenzake ni ya kujitesa.

Nimefundisha hesabu hizi kwa njia zote tatu, na kwa miaka kadhaa nilikuwa upande wa fomula. Siku hizi nimehama, ingawa sijaitupa. Kilichonihamisha ni makosa, maana majibu ni yaleyale. Kila njia ina namna yake ya kukosea. Ziko zinazokupigia kelele ukipotea, na ziko zinazokuacha utembee na jibu bovu hadi mwisho ukiwa umetulia kabisa. Kwa hiyo sitazipima kwa urahisi wake siku mambo yanapokwenda sawa. Nitazipima kwa siku ile umechoka, swali ni la mwisho kwenye karatasi, na umegawanya mahali pa kuzidisha.

Kinachobaki kilekile

Njia yoyote utakayoshika, safari ina vituo vitatu: masi kwa gramu (wengine huiita tungamo), moli, na idadi ya chembe. Moli imekaa katikati. Kutoka masi kwenda moli unahitaji namba moja tu, yaani masi ya moli moja ya kitu hicho, na unaisoma kwenye jedwali la elementi: kaboni gramu 12.011, oksijeni 15.999, alumini 26.982, dhahabu 196.967. Kutoka moli kwenda idadi unahitaji namba nyingine moja, ya Avogadro, 6.022 × 10²³.

Moli ni neno la kuhesabia, jamaa ya jozi, dazani na korija. Jozi ni 2, dazani 12, korija 20, moli 602,214,076,000,000,000,000,000. Tangu tarehe 20 Mei 2019 idadi hiyo imewekwa kwa tamko na haipimwi tena. Kabla ya hapo, kuanzia 1971, moli ilifafanuliwa kuwa kiasi chenye chembe nyingi sawa na atomu zilizomo ndani ya gramu 12 za kaboni-12, na ni chembe ngapi hasa likawa swali la maabara. Kwa mtu anayefanya zoezi mabadiliko hayo hayagusi chochote. Jedwali ni lilelile, na tofauti iko kwenye tarakimu ambazo mizani yako haizifikii. Ukipewa masi yenye tarakimu mbili au tatu, 6.02 inatosha, mimi huandika 6.022 kwa mazoea tu.

Sasa tuzitazame moja moja, kwa kipande kilekile cha alumini.

Fomula

n = m ÷ M

N = n × L

Hapa m ni masi uliyopewa, M ni masi ya moli moja, n ni idadi ya moli, N ni idadi ya chembe na L ni namba ya Avogadro. Gramu 5.4 gawanya kwa 26.98 ni moli 0.200, zidisha kwa 6.022 × 10²³ upate 1.2 × 10²³. Mistari miwili, kazi imekwisha. Kwa kasi hakuna inayoishinda, na mtu aliyekwisha kuelewa moli ni nini hana sababu ya kuikwepa kwenye swali la hatua moja.

Udhaifu wake wa kwanza unauona hata kabla ya kuanza: m na M, n na N. Herufi mbilimbili zinazotofautiana kwa ukubwa tu, zikiandikwa kwa mkono wa haraka, kisha zitamkwe darasani kwa sauti ileile. Nimesahihisha daftari ambamo mwandishi mwenyewe, kufika mstari wa tatu, alishindwa kusoma ni M ipi aliyokuwa ameandika.

Ule wa pili ni mbaya zaidi, na ndio ulionihamisha. Tuseme umegeuza: badala ya kugawanya kwa 26.98, ukazidisha. Utapata moli 145.7, kisha atomu 8.8 × 10²⁵. Itazame namba hiyo. Inaonekana ya heshima kabisa. Atomu ni nyingi, kipeo ni kikubwa, nani angeitilia shaka? Sasa linganisha na kugeuza namba ya Avogadro: moli 0.200 gawanya kwa 6.022 × 10²³ inatoa atomu 3.3 × 10⁻²⁵, yaani pungufu ya atomu moja, ndani ya kipande unachokishika mkononi. Hapo hata aliyesinzia atashtuka. Kugeuza Avogadro hupiga kelele. Kugeuza masi ya moli hunong'ona. Fomula haina sikio la kusikia mnong'ono huo, kwa sababu ukishaweka namba mahali pa herufi, gramu na moli zimeshatoweka na zimebaki tarakimu tupu.

Iko pia ile pembetatu: m juu, n na M chini, ufunike kwa kidole unachokitafuta. Mimi siipendi, na sitaficha. Inamfundisha mtu kukumbuka picha. Siku akiikumbuka vibaya, akaweka M juu, hakuna kitu ndani yake kitakachomwambia. Fomula angalau ukiisoma kwa maneno ("moli ni masi niliyo nayo, kugawanya kwa masi ya moli moja") inajieleza. Pembetatu haisomeki kwa maneno.

Uwiano

Gramu 26.98 → atomu 6.022 × 10²³

Gramu 5.4 → atomu x

Zidisha kwa mshazari: x ni 5.4 mara 6.022 × 10²³, gawanya kwa 26.98. Jibu ni 1.2 × 10²³, na safari hii hukusimama hata kwenye kituo cha moli.

Kuna watu huidharau njia hii wakisema ni ya shule ya msingi. Wamekosea. Ina fadhila moja ambayo nyingine hazina: inakulazimisha uweke kitu ulichonacho kando ya moli nzima, uone kipi kikubwa. Gramu 5.4 ni karibu sehemu moja ya tano ya 27. Basi jibu lazima liwe karibu sehemu moja ya tano ya 6 × 10²³, na unalijua hilo kabla ya kugusa kikokotoo. Yule aliyepata moli 145.7 angejiuliza swali moja tu, "nina zaidi ya moli moja au pungufu?", angejikamata papo hapo.

Ndiyo njia kongwe pia. Mwaka 1811 Amedeo Avogadro alitoa dhana kwamba gesi zenye ujazo sawa, zikiwa kwenye joto na kanieneo ileile, zina molekuli sawa kwa idadi. Lakini namba inayobeba jina lake hakuwahi kuijua. Alifariki 1856, na Johann Josef Loschmidt alikuja kukadiria ukubwa wa molekuli za hewa mwaka 1865. Aliyependekeza namba hiyo iitwe ya Avogadro ni Jean Perrin, mwaka 1909. Miaka yote hiyo wanakemia walikuwa wakipima, wakichanganya na kutabiri masi za mazao ya mimenyuko kwa uwiano mtupu, bila kujua atomu ngapi zimo ndani ya gramu moja. Somo lililomo humo kwa mwanafunzi wa leo ni la vitendo kabisa: kama swali linaanza na gramu na kuishia na gramu au moli, 6.022 × 10²³ haina kazi hapo. Wengi huibandika kila mahali kwa sababu tu imo kwenye mada.

Uwiano unaanza kuchoka swali linaporefuka. Jaribu hili: gramu 17.1 za salfeti ya alumini, Al₂(SO₄)₃, zina atomu ngapi za oksijeni? Moli moja ya chumvi hiyo ni gramu 342.13. Mstari wa kwanza unakupa moli 0.0500 za chumvi. Mstari wa pili: moli 1 ya chumvi ina moli 12 za oksijeni, kwa hiyo una moli 0.600. Mstari wa tatu unakupa atomu 3.61 × 10²³. Ni x tatu tofauti, na kila moja ni nafasi ya kukata tarakimu mapema au kuweka namba upande usio wake. Bado inawezekana, lakini mkono unachoka.

Pale inapoanguka hasa ni kwenye mlinganyo wa mmenyuko. Choma alumini yetu:

4Al + 3O₂ → 2Al₂O₃

Oksidi itakuwa gramu ngapi? Mtu wa uwiano, akiwa na haraka, huandika: 4 zinatoa 2, kwa hiyo gramu 5.4 zinatoa gramu 2.7. Hesabu imenyooka, uwiano umepangika vizuri, na jibu ni upuuzi. Chuma cha jikoni kikishika kutu hakipungui masi kwa kuongezewa oksijeni, na alumini haiwezi kuungana na oksijeni ikatoa kitu chepesi kuliko ilivyoanza. Namba za mbele kwenye mlinganyo zinahesabu moli, hazihesabu gramu. Tatizo ni kwamba uwiano ni mkarimu mno: unapokea jozi yoyote ya namba unayompa, wala hauulizi hizo mbili zinahusiana vipi.

Mnyororo wa vizio

Hapa kila namba inaandikwa na kizio chake, na kila ukweli unageuzwa kuwa sehemu yenye juu na chini:

5.4 g Al × (1 mol Al / 26.98 g Al) × (6.022 × 10²³ atomu Al / 1 mol Al)

Gramu za juu zinakatwa na gramu za chini, moli zinakatwa na moli, zinabaki atomu. Ukigeuza ile sehemu ya kwanza, gramu hazikatiki: unabaki na gramu mara gramu juu na moli chini, kitu ambacho hakuna anayejua ni nini. Ule mnong'ono wa masi ya moli sasa umekuwa kelele.

Turudi kwenye oksidi:

5.4 g Al × (1 mol Al / 26.98 g Al) × (2 mol Al₂O₃ / 4 mol Al) × (101.96 g Al₂O₃ / 1 mol Al₂O₃) = 10.2 g Al₂O₃

Tazama 2 na 4 zilipoingia. Zimeingia zikiwa na "mol" mgongoni, na hazina pengine pa kukaa. Yule wa gramu 2.7 asingeweza kuandika kosa lake hapa bila kuandika kwa mkono wake "2 g Al₂O₃ / 4 g Al", na ukishaiandika hivyo macho yanakataa. Jibu unaweza kulihakiki kwa njia ya pembeni: oksijeni iliyotumika ni moli 0.150 za O₂, sawa na gramu 4.8, jumlisha 5.4 na 4.8 upate 10.2.

Lakini kuna sharti, na wasiolitimiza wanapoteza faida yote. Andika jina la kitu kando ya kizio. "mol" peke yake haitoshi. Andika "mol Al", "mol O₂", "mol O". Ukiandika "mol" tupu, moli za chumvi zitakatwa na moli za oksijeni bila aibu, na mnyororo utakuwa bubu kama fomula. Oksijeni ndiyo mtego mkuu. Ukisema "moli moja ya oksijeni", ni gramu 16 au 32? Kama ni atomu, 16; kama ni gesi, ambayo molekuli yake ina atomu mbili, 32. Maneno hayatuambii, ila "mol O" na "mol O₂" zinatuambia. Hidrojeni, nitrojeni, klorini, florini, bromini na iodini zina tabia hiyohiyo.

Mashabiki wa njia hii huisifu kana kwamba haikosei. Inakosea. Mtu anaweza kuandika (26.98 mol Al / 1 g Al), gramu zikakatika vizuri, vizio vikatoka sawasawa, na namba ikawa mbovu. Kilichogeuzwa hapo ni ukweli wenyewe, vizio vikabaki mahali pake. Dawa yake ni kuisoma kila sehemu kwa sauti kabla ya kuizidisha. "Gramu 26.98 za alumini ni moli 1": kweli. "Moli 26.98 za alumini ni gramu 1": uongo. Inachukua sekunde mbili.

Lalamiko jingine dhidi yake ni la haki pia. Kukata vizio kunaweza kuwa ibada. Nimekutana na mwanafunzi aliyekuwa akipata kila swali, mistari yake imenyooka kama reli, na nilipomuuliza kama moli 0.2 ni atomu nyingi au chache kuliko moli moja, akataka kwanza aandike mnyororo.

Njia ya nne, kwa ufupi

Unaweza kuruka moli kabisa na kutumia masi ya atomu moja. Kizio cha masi ya atomu ni gramu 1.6605 × 10⁻²⁴. Atomu ya alumini ni 26.982 mara hiyo, yaani gramu 4.480 × 10⁻²³; gawanya 5.4 kwa namba hiyo, unarudi kwenye 1.2 × 10²³. Inafaa kama kihakiki, au unapoulizwa masi ya chembe moja. Kwa mimenyuko haifai, iache.

Zikiwekwa pamoja

| Kosa | Fomula | Uwiano | Mnyororo |
|---|---|---|---|
| Kugeuza masi ya moli | kimya | unaliona ukikadiria kwanza | vizio havikatiki |
| Kugeuza namba ya Avogadro | kelele | kelele | kelele |
| Kuchanganya atomu na molekuli | kimya | kimya | kelele, ukiandika majina |
| Kufanya namba za mbele kuwa gramu | nadra, maana inakupitisha kwenye moli | kimya kabisa | halina pa kuingia |
| Masi ya moli yenyewe kukosewa | kimya | kimya | kimya |

Mstari ule wa mwisho wa jedwali unaniuma binafsi. Niliwahi kuandaa myeyuko wa salfeti ya shaba. Nilihitaji moli 0.1, nikajumlisha CuSO₄, nikapata 159.6, nikapima gramu 15.96 kwa uangalifu mkubwa. Unga niliokuwa naupima ulikuwa fuwele za buluu. Fuwele za buluu zina maji ndani yake, CuSO₄·5H₂O, na moli moja yake ni gramu 249.7. Kwa hiyo nilikuwa nimeweka moli 0.064 nikidhani ni 0.1. Hesabu yangu ilikuwa ya mnyororo, vizio vimekatika, kila kitu safi. Hakuna njia kati ya hizi inayosoma lebo ya chupa kwa niaba yako.

Mabano nayo yamo kwenye kosa hilohilo. Kwenye Al₂(SO₄)₃ ile 3 inazidisha salfa na oksijeni zote zilizomo ndani, kwa hiyo oksijeni ni 12. Anayehesabu 4 hupata masi ya moli yenye upungufu wa karibu gramu 128, na njia zote tatu zitambeba hadi mwisho bila kumuuliza.

Kikokotoo nacho kina lawama yake. Chukua swali la kurudi nyuma: atomu 3.0 × 10²⁰ za dhahabu ni gramu ngapi? Ugawanye kwa 6.022 × 10²³, halafu uzidishe kwa 196.97. Ukibonyeza 3 × 10²⁰ ÷ 6.022 × 10²³ kama inavyosomeka, bila mabano, mashine itagawanya kwa 6.022 kisha izidishe kwa 10²³, ikupe moli 4.98 × 10⁴². Dhahabu ya kiasi hicho ingelizidi Jua kwa masi karibu mara bilioni mia tano. Jibu sahihi ni moli 4.98 × 10⁻⁴, sawa na gramu 0.098. Tumia kitufe cha kipeo cha kumi (kwenye mashine nyingi kimeandikwa EXP au ×10ˣ), kinachoichukua 6.022 × 10²³ kuwa namba moja. Na ukikitumia usibonyeze tena "× 10" kabla yake, utazidisha mara kumi bure. Kwenye kosa hili mwandishi wa fomula, wa uwiano na wa mnyororo wanalingana.

Basi ushike ipi?

Kama moli umekutana nayo wiki hii, anza na uwiano, hata kama mwalimu wako ameandika fomula ubaoni. Fanya maswali kumi ukijiuliza kila mara kama ulichonacho ni zaidi au pungufu ya moli moja. Usikimbilie mnyororo kabla ya hapo. Utajifunza kukata usichokielewa.

Kama maswali yako ni ya hatua moja, gramu kwenda moli au moli kwenda idadi, na tayari unayaelewa, fomula inatosha na itakuokolea muda. Iandike pamoja na vizio vyake, 5.4 g ÷ 26.98 g/mol, usiandike namba tupu. Ukifanya hivyo umekopa nusu ya nguvu za mnyororo bila kulipa urefu wake.

Mlinganyo wa mmenyuko ukiingia, au chumvi yenye mabano, au swali linaloanza na miligramu na kuishia na idadi ya ioni, nenda kwenye mnyororo na usirudi nyuma. Hapo sina utani. Swali la hatua nne lililofanywa kwa uwiano lina nafasi nne za kupotea kimya. Lililofanywa kwa mnyororo ulioandikwa majina, ukiacha masi ya moli iliyokosewa ambayo hunyamaza kote, lina nafasi moja, ile ya ukweli uliogeuzwa, na hiyo tumeona dawa yake.

Usichanganye njia mbili ndani ya swali moja. Anayeanza kwa fomula akamalizia kwa uwiano huwa amesahau katikati kama namba aliyonayo ni gramu au moli. Kuhakiki kwa njia nyingine baada ya kumaliza ni jambo jingine, na hapo ndipo ninapoitumia ile ya uwiano mpaka leo: naandika kwa mnyororo, nakadiria kwa uwiano.

Kama bado hujui wewe ni wa wapi, fanya swali hili mara tatu, kila njia kwenye karatasi yake: gesi ya nitrojeni yenye gramu 7.0 ina atomu ngapi? Jibu ni 3.0 × 10²³. Karatasi iliyokupa 1.5 × 10²³ imehesabu molekuli ikasahau kuzifungua. Iliyokupa 6.0 × 10²³ imetumia gramu 14 za atomu, kisha ikazidisha kwa 2 kana kwamba ilikuwa imetumia 28. Angalia ni njia ipi iliyokuwa kwenye karatasi hiyo.